Mlango Mwekundu wa Chang'ombe

Nyie vijana mnaopita hapa barazani kwangu mkaniamkia "Shikamoo Fundi Pazia", nusu yenu hamjui hilo pazia ni pazia gani. Juzi mmoja wenu kaniuliza kama zamani nilikuwa nashona mapazia ya madirisha. Ebo! Mie hata kifungo cha shati kinanishinda. Basi kaeni. Leo nitajisifu, tena sana, na asiyependa kumsikia mzee akijisifu aende dukani akanunue sukari, akirudi atanikuta nimemaliza.

Kabla ya hizi picha zenu za rangi, mtu wa Temeke au Buguruni au Kinondoni akitaka kupigwa picha alikuwa anavaa nguo yake bora, anakwenda studio, anasimamishwa mbele ya kitambaa kipana kilichochorwa. Kitambaani kuna bustani, au ngazi za jumba, au barabara ya mjini. Hicho kitambaa ndicho pazia. Picha ikitoka nzuri, anasifiwa mpiga picha, anasifiwa fundi cherehani, anasifiwa hata kinyozi. Aliyechora pazia hana mtu wa kumuulizia. Basi ni mie. Enzi za Mwingereza nilikaa nyuma ya migongo ya babu na bibi zenu miaka na miaka, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama.

Sikufundishwa na mtu. Shule ya kuchora ilikuwa wapi, na nani angenipeleka? Lakini nikisema nilijifundisha mwenyewe tupu, nitakuwa nimewanyima wazazi wangu haki yao. Nilikuwa na masufuria ya mama na kopo la baba.

Mama yangu, Bi Mwanaidi, alikuwa akisuka mikeka nyumbani kwetu Chang'ombe. Kabla ya kusuka, ukindu lazima uchemshwe na rangi. Uani kulikuwa na masufuria manne yamejaa masizi: la nyekundu, la kijani, la zambarau na la nyeusi. Anaingiza kijiti, anatoa uzi mmoja wa ukindu, anauinua kwenye jua, anaukazia macho. Halafu anasema, "Bado." Basi, hakuna maelezo, unarudishwa sufuriani. Nimekulia kwenye hiyo "bado". Siku moja nilimuuliza anajuaje. Akaniambia, "Rangi ikiwa na maji inakudanganya, Rama. Itazame imekauka." Mpaka nastaafu sikuwahi kuisifu rangi kabla haijakauka, na nyie mnaopakapaka mabango siku hizi mngelijua hilo tu, mngeepuka aibu nyingi.

Baba alikuwa akipakua mizigo gatini. Ipo siku kazi ya meli fulani ilipokwisha, msimamizi alimpa kopo la rangi iliyobaki, ile nyekundu nzito wanayopaka chuma cha meli kisishike kutu. Baba akaja nalo begani kutoka bandarini mpaka Chang'ombe, akapaka mlango wa nyumba yetu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya miti na udongo kama za jirani zote, imepigwa chokaa, aliijenga kwa mikono yake. Lakini mlango! Mtaa mzima ulikuwa na milango ya mbao iliyofifia, wetu peke yake unawaka. Watu wakawa wanaelekezana njia kwa mlango wetu. Rangi iliyobaki baba aliifunika vizuri akaisukumia chini ya kitanda.

Kitu kimoja baba hakukiweza, ni mlango uliofungwa mchana. Kwa watu wa kwetu mlango wa mbele mchana huwa wazi, mtu apite, aulizie hali, anywe maji. Mama naye alikuwa anaufunga, kwa sababu mbuzi wa jirani walikuwa wanaingia kula ukindu wake. Basi kila baba akitoka kazini unamsikia tangu njiani: "Nani kafunga mlango? Kuna msiba humu?" Na mama kutoka uani: "Msiba upo, mbuzi wamenimalizia mkeka!" Hiyo ilikuwa kila siku ya Mungu. Mie nilidhani wanagombana. Nilipokuja kuoa ndipo nikajua yale yalikuwa mapenzi.

Baba alifariki mie nikiwa kijana mkubwa, naanza kujitafutia. Mama akakaa eda, mlango ukafungwa. Eda ikaisha, watu wakaja wakamwogesha, wakampongeza, mlango haukufunguliwa. Hakuna aliyemuuliza. Sie sote, na mpangaji wetu pia, tukazoea kuingilia uani. Na kitu kingine kilichomkaa mama rohoni ni kwamba baba alikufa hajapigwa picha hata moja. Ukimwambia mama twende ukapigwe picha, jibu lake ni moja: "Nipigwe na nani ubavuni?"

Mie wakati huo nilikuwa napaka chokaa nyumba za watu. Karibu na Idi kila mtu anataka nyumba yake ing'ae, nilikuwaga na kazi mpaka sina pa kushika. Nikimaliza ukuta, mkono unaniwasha. Nachukua mkaa, namchorea mwenye nyumba lori, au soko la Kariakoo na mabati yake, au watu wa bandarini na magunia. Mji huu niliupenda tangu hapo. Jumapili nilikuwa natoka Chang'ombe kwa miguu, napita Kariakoo, nafika hadi mjini, natazama tu. Kivuli cha mwarobaini ukutani saa sita kikoje, na saa kumi kikoje. Watu walidhani nina kichaa kidogo.

Bwana Nassor ndiye aliyeona kichaa changu kina faida. Huyu alikuwa mwenye duka Buguruni, mtu wa asili ya Kiarabu, duka lilifunguliwa na babu yake. Mbele aliuza vitambaa na mafuta ya taa, nyuma uani alikuwa na kamera ya miguu mitatu na chumba cha giza cha kusafishia picha. Pazia lake aliliagiza kutoka ng'ambo, limechorwa jumba la Ulaya na theluji imeanguka. Mtu anasimama mbele ya theluji, jasho linamtiririka! Mchwa walipolitafuna, Mungu awabariki wale mchwa, Bwana Nassor akanisimamisha njiani.

"We unayechora malori kwenye kuta za watu, utaweza kunichorea jumba?"

"Jumba sijaingia hata moja, Bwana Nassor. Lakini naweza kukuchorea Dar es Salaam."

Akacheka. "Dar es Salaam si wanaiona kila siku bure? Watakuja kwangu kufuata nini?"

Nikamwambia, "Wanaiona, lakini hawajaiona ikiwa nyuma yao." Sijui maneno yale niliyatoa wapi. Akanipa kitambaa.

Kitambaa kilikuwa marekani, vipande vitatu vimeungwa kimoja. Huwezi kupaka rangi kwenye marekani kavu, itainywa yote. Unapika uji mwembamba wa muhogo, unaupaka kitambaa chote, unakiacha kikauke kimekazwa kwenye miti, halafu chokaa iliyochujwa, halafu ndiyo rangi. Hayo niliyagundua peke yangu. Nisilogundua ni kwamba mbuzi wanapenda muhogo. Pazia langu la kwanza, soko la Kariakoo zima, beberu wa jirani yake Bwana Nassor alilila kuanzia chini mpaka magotini. Mwezi mzima wateja walipigwa picha nusu, kuanzia kiunoni kwenda juu, na Bwana Nassor akiwaambia ndio mtindo mpya. Toka siku hiyo uji wangu nachanganya maji ya majani ya mwarobaini. Mbuzi akilamba mara moja, harudi.

Kosa la pili lilikuwa mnazi. Nilichora mnazi mzuri kupita kiasi katikati ya pazia. Akaja bwana harusi, akasimama katikati, picha ikatoka mnazi umemwota kichwani. Mahali pa kichwa cha mtu paache patupu, mjukuu wangu. Uzuri wako wote weka pembeni, kwa sababu mtu hajaja kupiga picha mnazi wako. Hilo limenichukua muda kulikubali, maana mie nilikuwa na kiburi.

Lakini kosa kubwa, lile ninalotaka mlishike, lilikuwa la rangi nyekundu.

Mpangaji wetu niliyemtaja alikuwa karani kutoka bara, Mkristo, Bwana Eliya, mtu wa taratibu, shati halina kunyanzi. Yeye na mkewe walipata mtoto, wakataka picha wampelekee mama yake Eliya huko kwao, aone mjukuu, aone na mji wanamokaa. Mie kwa heshima ya mtu wa nyumbani nikachora pazia jipya: bustani ya mjini, maua mekundu kila kona, mekundu ya kufa mtu. Nililitazama pazia lile nikajiambia, Rama, sasa umefika.

Picha ikatoka. Maua yote meusi. Meusi tititi, kana kwamba yamepigwa moto. Eliya alikuwa mpole, akasema tu "Ahsante", akaituma. Baada ya majuma barua ikarudi kutoka kwa mama yake, Eliya akanisomea huku anajizuia kucheka: "Mwanangu, mjukuu nimemwona, lakini hapo mnapokaa pameungua lini, na mlipona wangapi?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaenda kwa Bwana Nassor na hasira, nikidhani kaniharibia kazi kwa dawa zake. Hakubishana. Akanishika mkono akaniingiza chumba cha giza. Humo mlikuwa na taa ndogo yenye kioo chekundu.

"Unaona?"

"Naona."

"Filamu haioni. Filamu hizi haziijui nyekundu kabisa. Ndiyo maana naweza kuzisafisha chini ya taa hii na haziungui. Kwao nyekundu ni giza." Halafu akaniokotea kipande cha chupa ya dawa, ya buluu. "Kabla hujaniletea pazia, litazame kwa hiki. Kitakuonyesha karibu na inavyoona kamera."

Nikaweka kile kioo jichoni, nikalitazama lile pazia langu la maua. Bustani yote madoa ya mkaa. Tangu siku hiyo kipande kile kiliishi mfukoni mwangu. Nikajifunza kupaka rangi ambazo kwa macho ni za ajabu. Ukitaka ua litoke jeupe, lipake buluu hafifu. Ukitaka tofali litoke tofali, changanya buluu na majivu. Mtu akiingia uani kwa Bwana Nassor akaona mapazia yangu anasema, "Huyu fundi kalewa?" Akiona picha, ananyamaza. Hapo ndipo nilipokuwa fundi kweli. Najisifu, ndiyo. Kutoka Kinondoni mpaka Mbagala hakukuwa na mtu mwingine aliyejua kupaka kwa ajili ya jicho la kamera.

Sasa sikilizeni.

Ilikuja barua ya serikali. Eliya ndiye aliyetusomea, tumekaa uani. Sehemu yetu ya Chang'ombe inatakiwa kwa viwanda na maghala. Nyumba zitabomolewa baada ya Idi, kila mwenye nyumba atapewa kiwanja Temeke. Jirani walilalamika, wakalia, halafu wakaanza kufungasha. Mama akaendelea kusuka.

"Mama," nikamwambia siku ya tatu, "hujafunga hata sufuria."

"Sufuria zinakwenda wapi?"

"Temeke, mama. Si tunahama?"

"Mnahama nyie. Nyumba hii kaijenga baba yako, kafia chumba kile pale. Hana picha, hana chochote. Nikiiacha, nimebaki na nini chake? Nyumba ikihama, na mie nitahama."

Eliya akajaribu kumweleza kwa upole kwamba wale watu watakuja na magari, hawatauliza nani yumo. Mama akamjibu, "Watanikuta nasuka." Na mama yangu hakuwa mtu wa kutania maneno ya namna hiyo. Nilimwona kama vile kwa macho yangu siku hiyo akiburutwa nje na watu nisiowajua, na mie nimesimama. Maneno yakanitoka kabla sijafikiri.

"Basi nyumba nitaihamisha."

Eliya akanitazama kama mtu aliyepagawa. Mama akainua macho kwenye mkeka kwa mara ya kwanza.

"Utaihamishaje?"

"Nitaichora. Nzima, ukubwa wake ule ule. Utakaa mbele yake upigwe picha, na hiyo picha itakwenda nawe Temeke. Utakuwa na nyumba na utakuwa na baba."

"Iwe nyumba yangu," akasema. "Isiwe inayofanana na nyumba yangu. Ikiwa yangu, nitahama."

Basi hapo ndipo nilipojua kujifundisha mwenyewe ni nini. Niliipima nyumba kwa kamba, nikafunga mafundo. Bwana Nassor akanipa marekani mpya na hakuuliza mara mbili, yeye naye alikuwa amewazika wazazi wake wote mji huu. Nikaikaza kwenye miti mbele ya nyumba yenyewe, hapo hapo mtaani, huku jirani wakipita na vitanda vichwani. Nikachora ufa wa ukutani ulioanzia kwenye dirisha. Nikachora alama nyeusi ya kibatari. Nikachora dirisha la Eliya na kitambaa chake cha maua, na pale kwenye baraza palipomomonyoka baba alipokuwa akiweka mguu. Chokaa ya ukuta niliipaka buluu hafifu ili itoke nyeupe. Na mlango niliupaka kibuluu cha majivu, mbao moja moja, misumari yake yote, nikaukagua kwa kile kioo mpaka nikaridhika. Kwa jicho la kamera ule ulikuwa mlango wa baba hasa, hata mikwaruzo yake ilionekana. Katika maisha yangu sijafanya kazi safi kama ile.

Tukalikunja pazia tukalipeleka Buguruni. Mama akaja kwa miguu, kanga mpya doti nzima, mkeka wake mwenyewe kwapani. Bwana Nassor akamwamkia kwa adabu, akamkaribisha uani. Mie nikalivuta pazia likafunguka.

Mama alilitazama kama anavyotazama ukindu. Akasogea. Akagusa ufa. "Ufa ndio huu," akasema. Akagusa baraza. "Na hapa ndipo mguu wake." Nikaanza kuvimba kichwa. Halafu akafika mlangoni.

"Huu ni mlango wa nani?"

"Wetu, mama."

"Wetu mwekundu."

Nikamweleza habari ya filamu. Nikamwonyesha kioo cha buluu. Bwana Nassor naye akanisaidia, "Bi Mwanaidi, kamera haioni nyekundu. Akiupaka mwekundu utatoka shimo."

Mama akatusikiliza wote wawili mpaka mwisho, halafu akasema, "Kwani kamera ndiyo iliyoolewa na baba yake Rama? Mie ndiye niliyeolewa, na mie naiona nyekundu vizuri sana." Akauchukua mkeka wake. "Hii si nyumba yangu. Sihami." Akaondoka zake, na mie siku zilizobaki kabla ya Idi nilikuwa nazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Nilikasirika, nisiwadanganye. Nilikaa chini uani kwa Bwana Nassor nikamlalamikia mama yangu mzazi. Kazi yangu bora, ikataliwa na mtu asiyejua kamera! Bwana Nassor akawa ananipoza, mara akasema neno moja la kawaida tu: "Sasa utafanya nini, umpake mama yako buluu?" Nikacheka bila kutaka. Kweli, mama hapakiki, mlango unapakika. Nikainuka, nikarudi Chang'ombe, nikaingia chumba cha mama, nikavuta kopo la baba kutoka chini ya kitanda. Juu lilikuwa limeganda ngozi. Nikaitoboa, chini bado mbichi. Nikailainisha kwa tapentaini.

Bwana Nassor aliponiona na lile kopo akashika kichwa. "Rama, utatia aibu studio yangu. Unajua kabisa!"

"Najua."

"Shimo jeusi, katikati ya picha!"

"Najua, Bwana Nassor."

Na nikaupaka. Misumari yangu yote, mikwaruzo yangu yote niliyoipenda, nikaifunika kwa rangi ya baba. Mkono ulikuwa unakataa. Fundi kuharibu kazi yake kwa makusudi, huku anajua, ni jambo gumu, nyie bado hamjalionja. Lakini nilijiambia picha ikitoka mbaya, mbaya itakuwa yangu, na mama atakuwa amekaa mbele ya mlango wake. Tukaiacha ikauke siku mbili.

Mama akarudi. Akaugusa mlango kwa kidole, akakitazama kidole, hakikuwa na rangi. "Haya," akasema. Akatandika mkeka, akakaa mbele ya mlango, miguu ameikunja upande, mikono mapajani. Bwana Nassor akaingia chini ya kitambaa chake cheusi.

"Bi Mwanaidi, usipumue."

"Nikiacha kupumua si ndiyo nimekufa? Piga hivyo hivyo."

Akapiga. Akaingia chumba cha giza, sie tukabaki uani. Nilitamani asitoke. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia mama, na kila nikiyapanga yanavunjika. Alipotoka, amebeba picha bado ina maji, hakumtazama mtu. Akampa mama mkononi.

Mama akaiinua kwenye jua, akaikazia macho. Mie nikasubiri lile neno lake. Nikasubiri "bado".

Akasema, "Nani kaufungua?"

Nikasogea nikatazama begani kwake. Ukuta mweupe, ufa wake, baraza, mama amekaa na kanga yake, na nyuma yake mlango mweusi. Wallahi, haukuwa shimo. Mlango ulikuwa wazi. Mmewahi kuitazama nyumba saa sita mchana, jua kali, mlango wa mbele uko wazi? Ndani huoni kitu, unaona giza la ukumbi tu. Mie niliyezunguka mji mzima nikitazama vivuli, mie niliyekuwa na kioo mfukoni, hilo sikuliona. Nilifundishwa kuogopa nyeusi mpaka nikasahau nyeusi ya mlango wa nyumbani.

"Kaufungua baba, mama," nikamwambia. "Ni ile rangi yake."

Akashika mdomo kwa upindo wa kanga. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini mabega yalikuwa yanacheka. "Tazama," akamwambia Bwana Nassor, "tazama mwanamume huyu. Kaniachia mlango wazi. Sasa mbuzi watanimalizia ukindu wangu!"

Jioni ile ile, jua halijazama, mama alifika nyumbani akapita mbele. Akasukuma mlango mwekundu uliofungwa tangu eda. Bawaba zililia vibaya. Ukabaki wazi siku zote zilizobaki, na watu waliokuwa wanahama walipita kuaga, wakanywa maji. Idi ilipokwisha, mama alifunga masufuria yake mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Wabomoaji walipofika walikuta nyumba tupu. Mie nilisimama nikatazama mpaka mwisho, na niwaambie kweli, niliumia, lakini sikuogopa. Nyumba ilikuwa Buguruni imening'inia.

Na hapo ndipo mapazia yangu mengine yalipokosa wateja. Watu wa Chang'ombe waliohamishwa wakaanza kuja mmoja mmoja: "Tupige pale penye nyumba." Halafu maharusi wa Temeke. Halafu Buguruni yote, Kinondoni, hata watu wa mjini. Bwana Nassor, yule yule aliyeshika kichwa, akawa anawaambia watu lile ni wazo lake. Nilimwachia. Eliya naye alimleta mtoto wake akapigwa picha pale, akaituma tena kwao. Mama yake akajibu: "Sasa naona mmetulia. Ila huyo aliyemo ndani ni nani, mbona hakutoka na yeye akapigwa?" Eliya alimsomea mama yangu barua ile mara tatu, kila mara mama anaiomba tena.

Pazia lilichakaa, mie nikachakaa, picha za rangi zikaja, na filamu za siku hizi zinaiona nyekundu kama nyie mnavyoiona. Sina ninachowadai. Ila mkirudi makwenu, ombeni albamu za bibi zenu. Mkimkuta bibi amevaa vizuri, kasimama, nyuma yake ukuta mweupe wenye ufa na mlango mweusi, msipite haraka. Huo mlango ni mwekundu. Ni kazi yangu, ni rangi ya baba yangu, na mama yangu ndiye aliyenilazimisha.

Haya, nendeni, nimechoka kusema. Na wa mwisho kutoka asinifungie mlango, hakuna msiba humu.